Maswali ya Wasomaji: Saiga, Vepr na Bunduki za Kuwindia Zinazorudishwa Umbo la Vita

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni msomaji wako wa Nachingwea. Mpwa wangu ni baharia, na alipokuja likizo alinionyesha picha za bunduki mbili ambazo alisema zote ni Saiga za Urusi. Moja ina kitako cha mbao cha kuwindia, lakini ya pili ni nyeusi na ina mpini kama wa bastola, nami naapa kwamba hiyo ni SMG, yaani AK-47. Je, ni bunduki moja au ni mbili? Na kwa nini mwenyewe aigeuze hivyo?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Wewe na mpwa wako nyote mmesema kweli. Mji uliowapokea wapiganaji wa FRELIMO walipokuwa wakifanya mazoezi hauhitaji kufundishwa umbo la SMG, na Saiga ni mtoto wa bunduki hiyohiyo. Ilitengenezwa Izhevsk, katika kiwanda cha Izhmash, ambacho mwaka 2013 kilichukua jina la Kalashnikov. Jina la Saiga lenyewe ni la swala wa nyika za Kazakhstan, mwenye pua nene iliyoinama mbele ya mdomo, na bunduki ya kwanza ya jina hilo iliundwa miaka ya 1970 kwa ajili ya kumwinda. Ndani yake gesi ya risasi inasukuma pistoni, ganda linatupwa nje na risasi nyingine inaingia yenyewe, kama ilivyo katika SMG. Tofauti ni kwamba Saiga hutoa risasi moja tu kila unapobonyeza kifyatulio, hata ukikishikilia.

Ili ionekane ya mwindaji, kiwanda kiliivalisha kitako cha kuwindia na kukirudisha kifyatulio nyuma, mbali na mahali pake pa asili. Hapo ndipo penye kiini cha swali lako. Kifyatulio kilichohamishwa hulazimika kuvuta kipande kirefu cha chuma kinachokiunganisha na utaratibu uliobaki mbele, na kwa sababu hiyo kidole huhisi uzito na kuburuta kabla ya risasi kutoka. Mwenye bunduki anayekirudisha mbele na kuweka mpini wa bastola hafuati sura peke yake, kwa kuwa anapata pia mbonyezo ulio safi zaidi, na kwa mtu anayetaka risasi moja impate mnyama mahali pa kufia hilo si jambo dogo.

Mabadiliko hayo yalienea sana Marekani, na sheria ndiyo iliyoyapa umbo lake. Mwaka 1989 serikali ya huko ilizuia kuingizwa kwa bunduki za sura ya kijeshi, kwa hiyo Saiga zikawa zinapita bandarini kwa vazi la uwindaji. Aliyetaka kuigeuza baada ya hapo alibanwa na sheria nyingine isemayo kwamba, katika orodha ya vipande 20, bunduki ya namna hiyo isiwe na zaidi ya 10 vilivyotoka nje ya nchi. Matokeo yake ni kwamba Saiga nyingi zinazosifiwa huko kuwa za Kirusi zina mtutu na mwili wa Izhevsk, lakini kifyatulio, mpini, na pengine kitako ni vya viwanda vya Marekani. Julai 2014 kampuni ya Kalashnikov iliwekewa vikwazo, na mwaka 2017 vikaifikia Molot ya Vyatskiye Polyany, watengenezaji wa Vepr, ambayo mwili wake wa bati la milimita 1.5 umetokana na bunduki nyepesi ya rashasha, RPK. Tangu hapo wenye bunduki hizo wamezishika kama mali isiyoletwa tena.

Warusi wenyewe wanarekebisha kwa mipaka yao. Sheria yao ya silaha ya 1996 inataka bunduki ya raia isipungue milimita 800 kwa urefu na magazini isizidi risasi 10, na kwa miaka mingi mtu alipaswa kumiliki shotigani miaka mitano bila kosa kabla ya kuruhusiwa raifo. Ndiyo maana mwindaji wa Siberia huhangaikia zaidi darubini. Mfuniko wa juu wa Saiga ni bati jembamba linalovuliwa kila bunduki inaposafishwa, na darubini ikifungwa hapo shabaha huhama; kwa hiyo hufungwa kwenye reli ya ubavuni kushoto, ambako hukaa juu mno kwa kitako kilichoinama, shavu likabaki hewani. Kipande cha ngozi au mbao kinachoinua shavu hakivutii kwenye picha, lakini mimi nakiheshimu kuliko mapambo yote meusi yanayofungwa mbele ya mtutu.

SWALI: Nina shamba la mihogo na mikorosho Liwale, na nguruwe pori wananimaliza. Je, naweza kutafuta bunduki ya namna hiyo, kisha fundi wetu wa magobore aifupishe ili niibebe kichakani?

JIBU: Ndugu mkulima, pole sana kwa hasara. Nawafahamu nguruwe hao: hung'oa shina zima usiku mmoja na kuacha mizizi imetafunwa nusu. Hata hivyo jibu langu ni hapana, mara mbili. Sheria yetu ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 haikubali uwindaji kwa silaha inayojijaza yenyewe zaidi ya mara moja, na Saiga, Vepr, Tigr ambayo ni bunduki nyingine ya Kirusi ya kuwindia, pamoja na SKS, ambayo wengi wetu tunaiita SAR, zote hujijaza hivyo. Wawindaji bingwa wanaowapeleka wageni kwenye mapori ya kusini hubeba raifo za kuvuta komeo kwa mkono, na kwa nyati huanzia kipimo cha .375, yaani upana wa risasi kwa inchi. Risasi ya Saiga ya milimita 7.62 kwa 39 ina uzito wa gramu 8 hivi na nguvu ya takriban jouli 2,000, ilhali .375 hufikia zaidi ya 5,500. Yeyote anayedhani magazini kubwa itafidia pengo hilo mbele ya nyati aliyejeruhiwa anacheza na roho yake.

Kuhusu fundi, nakuomba kwa dhati usimpelekee. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inamtaka fundi wa silaha awe na leseni, na gobore lenyewe ni silaha ya kuandikishwa. Zaidi ya hayo, mtutu wa bunduki ya gesi una tundu linaloipeleka gesi kwenye pistoni, na ukikatwa ovyo kipimo cha gesi hiyo huharibika. Anza kwa serikali ya kijiji na afisa wanyamapori wa wilaya kuhusu hao nguruwe, na ukitaka silaha ya kwako, omba kibali cha shotigani ya kawaida.

SWALI: Nasikia bunduki za Kirusi hazipati kutu. Ni kweli? Msomaji, Mikindani.

JIBU: Mtutu wa Saiga umepakwa kromu ndani, kwa hiyo unastahimili hewa ya chumvi kuliko mingi, lakini pistoni na mwili havina kinga hiyo. Marehemu baba yangu alikuwa askari wa wanyamapori mwenye SAR, na risasi alizopewa zilikuwa za zamani, zenye baruti ya kuwashia inayoacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi hiyo haiondoki kwa mafuta. Alikuwa akimimina maji ya moto mtutuni, anakausha kwa kitambaa, ndipo anapaka mafuta. Kisha anaitikisa komeo karibu na sikio ili asikie pini ikicheza ndani, kwa kuwa pini ya SAR ikinata kwa uchafu, bunduki huweza kujifyatua wakati wa kujaza risasi. Asiposikia mlio huo, alikuwa anaifungua upya.