Kaboni haipimi kila mchoro
Mwalimu, umeuliza kama ni sawa kuwaambia wanafunzi uliowapeleka kuona michoro ya kale ya mwambani Kakapel, kule Teso, Kenya, kwamba michoro ya miambani ya jangwani hupimwa umri kwa kaboni. Si yote. Rangi nyekundu ni udongo wenye kutu ya chuma, hauna kaboni ya kupimwa. Mkaa unayo, ila unaeleza mti ulikufa lini, si mchoraji alichora lini.

Wape mfano wa Qurta, Misri. Upepo ulirundika mchanga juu ya ng'ombe-mwitu waliochongwa mwambani. Wataalamu walichota chembe zake gizani, wakapima ziliona jua lini mara ya mwisho: miaka 15,000 hivi iliyopita. Basi michongo ina umri huo au zaidi.

Na tafadhali, mkirudi Kakapel, wasimwagie michoro maji ili ing'ae kwenye picha. Maji huiharibu.