Tiguan TDI inakula mafuta na taa ya DPF haizimi: pima kabla fundi hajakata kitu

Mkuu, nimekuelewa hivi: Tiguan yako ni ya 2012, 2.0 TDI (dizeli) ya farasi 140, imetoka Uingereza ikiwa imeshabadilishwa programu baada ya ile kashfa ya moshi ya Volkswagen. Uko Dar. Unapata kilomita 10 kwa lita, na jirani yako mwenye gari kama hilo ambalo halijaguswa anapata 13. Taa ya DPF (chujio la masizi kwenye bomba la moshi) inawaka mara kwa mara. Fundi amekwambia dawa ni kutoboa DPF, kuziba EGR (vali inayorudisha moshi ndani ya injini) na kurudisha programu ya zamani.

Usimruhusu kwanza. Programu ina mchango wake, lakini haiwezi peke yake kula kilomita tatu kwa kila lita. Kuna kitu kimechoka au kimeziba, na ukikata DPF kitabaki palepale.

Hakikisha kwanza kwamba gari kweli lilibadilishwa. Angalia kwenye buti karibu na tairi la spea, na kwenye kitabu cha sevisi: kuna stika ndogo yenye namba 23R7. Isipokuwepo, fundi mwenye mashine nzuri anaweza kusoma toleo la programu lililomo kwenye kontroli boksi.

Sasa, marekebisho yenyewe yalifanya nini. Injini yako ni ya familia ya EA189, ile ambayo udanganyifu wake wa vipimo vya moshi ulifichuliwa Septemba 2015 na kuhusisha magari takriban milioni 11 duniani. Programu ya awali ilikuwa na hali mbili. Gari likitambua kwamba liko kwenye kipimo cha maabara, EGR ilifanya kazi kwa nguvu. Likiwa barabarani, ilibanwa. EGR hurudisha sehemu ya moshi ndani ya injini ili joto la mwako lishuke na oksidi za nitrojeni zipungue. Gharama yake ni masizi kuongezeka. Programu mpya iliondoa ile hali ya barabarani, EGR ikaanza kufanya kazi sana hata kwenye foleni ya Mwenge. (Injini ya 1.6 iliongezewa na wavu wa plastiki mbele ya sensa ya hewa. Ya 2.0 ilibadilishwa programu tu.) Masizi yakizidi, DPF hujaa mapema, gari huyachoma mara nyingi zaidi, na kila kuchoma kunatumia dizeli ya ziada.

Kuna jambo ambalo mafundi wetu wengi hawalijui, na kwetu lina uzito kuliko hata Ulaya. Tarehe 14 Julai 2022 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilitoa hukumu kwenye kesi zilizotoka Austria kuhusu programu hiyohiyo mpya. Ilielezwa humo kwamba EGR hufanya kazi kikamilifu pale tu joto la nje likiwa kati ya nyuzi 15 na 33 na mwinuko ukiwa chini ya mita 1,000. Kupita mita 1,000 huanza kupunguzwa, na ndani ya mita 250 zinazofuata hufika sifuri. Weka hilo kwenye ramani yetu. Dar iko usawa wa bahari na joto lake liko ndani ya kipimo karibu mwaka mzima, kwa hiyo EGR yako haipumziki. Dodoma, kwenye mita 1,120 hivi, imeshapungua karibu nusu. Arusha, Mbeya, Iringa na Nairobi ziko juu ya mita 1,250, na huko programu yenyewe imeshaifunga EGR. Mtu wa Arusha anayelipa fundi amzibie EGR ya gari lililobadilishwa ananunua kitu ambacho tayari anacho. Na ukisikia mtu wa Mbeya anasema gari lake halina shida kabisa, si lazima kwamba analitunza kukuzidi.

Turudi kwenye hesabu ya mafuta. Kilomita 10 kwa lita ni lita 10 kwa kila kilomita 100. Kilomita 13 kwa lita ni lita 7.7. Pengo lenu ni lita 2.3. Tuseme kuchoma masizi mara moja kunaongeza lita 0.4. Gari likichoma kila kilomita 400, ni lita 0.1 kwa kila kilomita 100, huwezi hata kuiona. Likichoma kila kilomita 80, ambayo ni hali mbaya, ni lita 0.5. Bado lita 1.8 hazina maelezo. Fundi akitoa DPF leo, hizo 1.8 gari litaendelea kuzila.

Kabla ya kuzitafuta, hakikisha zipo. Kompyuta ya dashibodi husema uongo, mara nyingi kwa kukupendezesha. Jaza mpaka bomba lijikate mara ya kwanza, sifurisha kihesabu safari, tembea mpaka tenki lishuke chini ya robo, rudi pampu ileile, jaza mpaka lijikate tena mara moja. Gawa kilomita kwa lita zilizoingia: kilomita 494 kwa lita 38 ni 13 kamili. Fanya kwa matenki matatu mfululizo, maana tenki moja linaweza kuangukia kwenye kuchoma kwingi au kuchache. Muulize na jirani kama gari lake lina gia na mfumo wa magurudumu kama lako, na kama naye anakaa foleni saa mbili kwa siku. Tiguan inayovuta magurudumu manne na gia ya kujibadili yenyewe, ikikaa mjini muda wote, hailingani na ya gia za mkono inayokwenda Bagamoyo kila asubuhi.

Kisha jifunze kutambua gari linapochoma, kwa sababu gari hili halikuambii. Ukiwa umesimama, mizunguko ya injini hupanda na kukaa karibu na 1,000. Weka dashibodi kwenye matumizi ya papo kwa papo: kwa kawaida, likiwa la moto na AC imezimwa, husoma lita 0.5 au 0.6 kwa saa. Likichoma hufika karibu na 1.0. Ukizima, feni inaendelea kuunguruma na unasikia harufu ya chuma cha moto. Ukiona dalili hizo kabla hujazima, usizime. Malizia mzunguko, hata kama umeshafika getini. Kuchoma kulikokatizwa ni hasara mara tatu: dizeli imeshatumika, masizi yamebaki, na sehemu ya dizeli iliyopulizwa mwishoni imeteremka kwenye oili. Chomoa kijiti cha oili. Kiwango kikiwa kimepanda kupita alama ya juu na kinanuka dizeli, mwaga oili hiyo mara moja, usisubiri sevisi.

Taa ya DPF ikiwaka peke yake bila nyingine, endesha kwa zaidi ya kilomita 60 kwa saa, gia ya nne au ya tano (au S kwa otomatiki), mizunguko karibu 2,000, kwa dakika 15 hivi. Tafuta kipande kirefu kisicho na vijiji na tochi. Ikiwaka pamoja na ile ya koili ya hita plagi (plagi zinazopasha injini wakati wa kuwasha) au ya cheki injini, usilazimishe barabarani, nenda ukapime.

Hapo kwenye kupima ndipo pesa yako iende. Tafuta fundi mwenye VCDS au mashine inayosoma VW kwa undani. Vile vidude vya bluetooth vya bei rahisi havitoshi. Mwambie akusomee masizi yaliyokadiriwa, masizi yaliyopimwa, jivu la oili, na umbali tangu lilipochoma mara ya mwisho. Kwenye injini hii gari huanza kuchoma lenyewe masizi yakifika gramu 18 hivi, taa huwaka kwenye 24, na likifika 40 ni kuchoma kwa mashine gereji. Masizi yaliyokadiriwa yakiwa machache lakini yaliyopimwa ni mengi, shuku jivu au sensa ya tofauti ya shinikizo. Sensa hiyo, injini ikiwa imezimwa na swichi iko ON, inatakiwa isome sifuri au karibu sana na sifuri. Ikisoma juu, inaidanganya kompyuta kwamba DPF imejaa. Angalia pia mipira yake miwili, hupasuka na kuungua.

Soma joto la maji ukiwa unatembea. Mshale wa dashibodi hukaa 90 hata joto halisi likiwa limeshuka, kwa hiyo usiutegemee. Themostati ikikwama wazi, injini haifiki joto lake, inakula mafuta, na kuchoma hakuanzi au hakuishi. Ni sababu ya kawaida na hupuuzwa. Baada ya hapo pima mipira ya intakula, yaani kipoza hewa ya turbo (oili nyeusi kwenye maungio ni dalili ya hewa kuvuja), hita plagi, na urudishaji wa dizeli kwenye nozeli. Mashine ikitoa namba ya kosa P0401, ni EGR isiyopitisha moshi wa kutosha. Akiisafisha au akiweka nyingine, lazima afanye mpangilio wa awali kwa mashine, la sivyo kosa hurudi ndani ya wiki. Inua na magurudumu uyazungushe kwa mkono. Breki iliyokamata inakula dizeli bila kuwasha taa yoyote.

Tofautisha masizi na jivu. Masizi huungua. Jivu hutokana na viungo vya oili na haliungui kamwe. Likijaa, DPF inashushwa, inalowekwa dawa yake maalumu na kusukumwa maji ya shinikizo dogo kutokea upande wa kutokea moshi, kisha inakaushwa kabisa. Magadi na presha ya kuoshea magari vinaharibu kauri na madini ya thamani yaliyopakwa ndani. Na fundi anayefuta hesabu ya jivu kwenye kompyuta bila kulitoa jivu lenyewe anakuachia bomu: kompyuta inaamini chujio ni tupu, inaacha mzigo mkubwa, siku ya kuchoma joto linapanda na chujio linapasuka.

Oili ni 5W-30 yenye maandishi VW 507.00, lita 4.3, kila kilomita 7,500 kwa mizunguko ya mjini. Oili ya dizeli ya lori ina jivu jingi, usiiweke hata kama ni ya bei nzuri. Kiwango cha Afrika Mashariki kilichoanza 2015 kiliruhusu dizeli yenye salfa hadi sehemu 50 kwa milioni, wakati Ulaya ni 10. Gari linaivumilia. Kisichovumilika ni dizeli iliyochanganywa mafuta ya taa, haina ulainishaji na inakwangua pampu. Chagua kituo chenye mauzo makubwa, badili filta ya dizeli kila kilomita 20,000.

Kuhusu kutoboa, nasema wazi kwamba siungi mkono. Shirika la Afya Duniani, kupitia taasisi yake ya utafiti wa saratani, liliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 2012, na kwenye foleni moshi wako unaingia dirishani mwa daladala iliyo nyuma yako. Kiufundi, mafaili ya kuzima DPF yanayouzwa mitaani mengi ni ya kunakili. Hugusa upulizaji na turbo pia, na siku nozeli ikianza kuvuja hutakuwa na kitu cha kukuonya.

Ukishapima, weka hapa masizi yote mawili, jivu, kilomita tangu kuchoma, joto la maji ukiwa mwendo wa 80, na usomaji wa ile sensa injini ikiwa imezimwa. Kwa hizo tutajua kama ni themostati, hewa inavuja, au chujio limejaa kweli.