Anti, mama mkwe kasema nyumba yangu mtu akipoteza jino halipati

Mdogo wangu wa Pasua, marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza jikoni, ya pili nimeshalala ikabidi niinuke niwashe taa. Naifupisha hapa ili na wenzako waelewe tunaongea nini. Una miaka 33, mume fundi gereji, watoto watatu, mkubwa wa kiume darasa la sita, wa kati la pili, kadogo miaka mitatu. Unauza mitumba pale soko la Memorial, Moshi. Mwezi wa sita mama mkwe alishuka kutoka Kibosho kuja kliniki ya macho KCMC, akalala kwenu siku nne, na siku ya kuondoka akasema mbele ya jirani kwamba nyumba hii mtu akipoteza jino halipati. Ukalia. Ukaenda kununua makontena 18 ya plastiki yale ya kuonyesha ndani kama ulivyoona kwa wale wadada wa kwenye simu, na daftari la ratiba, wiki mbili mbele makontena yamejaa chaja mbovu na soksi za mguu mmoja. Unauliza, Anti mimi ni mvivu? Nifanyeje niwe mtu aliyejipanga?

Wewe sio mvivu. Mtu anayeamka saa kumi na nusu alfajiri akachemsha chai, akaandaa watoto wawili wa shule, akamfunga wa tatu mgongoni akampeleka kwa dada yake, alafu saa moja na nusu yuko sokoni anachambua nguo, huyo ukimwita mvivu sijui mchapakazi utamwita nani. Hilo tuliache.

Ila kuna kitu umekiandika katikati ya barua ukakipita haraka haraka kama hakina maana, na mimi ndo kimenikosesha usingizi. Umesema ulienda msibani Rombo siku mbili ukapigiwa simu mara 11. Sweta la shule liko wapi, namba ya mita ya LUKU ni ipi, kadi ya kliniki ya mtoto, ufunguo wa stoo, mpaka chumvi. Chumvi jamani! Mdogo wangu, nyumba yako ina kabati tayari na kabati lenyewe ni wewe. Kila kitu kimewekwa kichwani kwako, na watu wanne wanakuja kufungua mlango wake asubuhi mpaka usiku, ndo maana hata ungenunua makontena 100 isingesaidia kitu, kwa sababu anayejua kilichomo ni mmoja tu na huyo mmoja amechoka.

Wewe umekulia Uru, mfongo unaujua, ule mfereji wa maji wa Kichagga. Maji yanatoka juu mlimani yanapita vihamba, yaani mashamba ya ukoo ya watu, na kila ukoo una zamu yake, leo nyumba hii, kesho ile, na siku ya kusafisha mfongo watu wote wanatoka na majembe. Hujawahi kuona nyumba moja imeachiwa kufungua na kufunga maji ya kijiji kizima huku wengine wamekaa wanauliza mama maji yako wapi. Kwako ndo mnavoishi hivo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza sio kupanga vitu, ni kugawa. Na kugawa sio kusema "naomba nisaidie", maana ukisema nisaidie kazi inabaki yako na yeye anakufanyia hisani. Mpe mtu kitu kizima, mwanzo mpaka mwisho. Baba watoto mpe LUKU, bili ya maji na gesi. Namba ya mita iandikwe kwa maka peni ukutani pembeni ya swichi, basi. Wiki ya kwanza atasahau, umeme utakata saa mbili usiku katikati ya taarifa ya habari, na hapo ndo penye kazi ngumu kuliko zote: usinunue. Washa mshumaa kaa kimya, usimnunie wala usimseme mbele ya watoto, mwache atafute simu yake mwenyewe. Najua utaona kama ni ukatili. Lakini ukinunua usiku ule umeshairudisha kazi kwako na itakaa miaka mingine kumi.

Umesema yeye husema yeye ndo anatafuta, wewe uko nyumbani tu (na mitumba yote ile!). Mwambie kwa upole kabisa kwamba mwaka 1983 Mahakama ya Rufani yetu hii hii ya Tanzania, kwenye kesi ya Bi. Hawa Mohamed, ilikubali kuwa kazi za nyumbani za mke ni mchango kwenye mali ya ndoa. Sikutumi mahakamani, sikutishi ndoa yako. Nataka tu ujue kwamba majaji walishakaa wakaliona jambo hili kabla wewe hujazaliwa, ili siku nyingine usiombe msamaha kwa kuchoka.

Kijana wa darasa la sita usimwonee huruma, soksi na shati lake anafua mwenyewe Ijumaa akitoka shule. Ijumaa sio Jumapili, maana Julai hii ya Moshi unaijua, jua halitoki unaanika kitu siku mbili bado kibichi, ndo yale ya kupigana na pasi saa kumi na moja asubuhi na mtoto analia. Na ile hela ya makontena ingekununulia sare ya pili kila mmoja, hilo limenisikitisha kweli.

Wa darasa la pili ana uwezo wa kuweka viatu mstari mmoja mlangoni, asikudanganye.

Sasa mzigo. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Umeandika kwamba nguo zinazobaki kwenye belo unaleta nyumbani "nitaziuza baadaye", na sasa ziko mifuko sita nyuma ya kochi na mmoja chini ya kitanda. Hiyo baadaye haipo. Mzigo uliokataliwa Memorial mwezi wa tatu hautageuka mzuri kwa kulala sebuleni kwako, unakula vumbi na unakula nafasi ya watoto kufanyia homwek. Mwaga chini, jero jero, buku buku, peleka hata Kiboriloni, ikibaki gawa, lakini biashara isivuke mlango wa sebule. Kama lazima kitu kilale nyumbani kiwe mfuko mmoja tu, ukijaa hununui belo lingine mpaka uishe.

Kuhusu mama mkwe. Maneno yake yalikuwa mabaya, na kuyasema mbele ya jirani ni vibaya zaidi, sitamtetea. Ila nikwambie kitu cha mama yangu. Nyumba yetu ya kule juu ilikuwa na msumari mmoja nyuma ya mlango, msumari wa mundu wa kukatia majani ya ng'ombe. Tulikuwa watoto saba na hakuna aliyewahi kuuliza mundu uko wapi, hata usiku wa giza unapapasa unaukuta. Sio kwamba mama alikuwa na akili za ajabu, vitu vilikuwa vichache na kila mtu aliujua ule msumari. Mama mkwe wako ametoka kwenye nyumba ya namna hiyo, akashuka mjini akakuta mifuko sita na mtu mmoja anayekimbia, hakuelewa anaona nini.

Umesema anarudi kliniki mwezi wa tisa. Tafadhali usikeshe unasugua nyumba ile usiku wa kuamkia siku anayokuja. Pika mtori, mkae, alafu muulize funguo na nyaraka za kihamba yeye huziweka wapi na nani mwingine anajua. Mwache aongee. Na akitafuta sukari asubuhi usiinuke, mwache mjukuu wake wa darasa la pili amwonyeshe ilipo.

Mifuko anza nayo Jumamosi hii, ule wa chini ya kitanda kwanza.