Jibu: Malisho yamebaki udongo mtupu, tuanzie wapi?

Ndugu, umesema malisho ya ukoo wenu hapo Kishapu yamebaki udongo mtupu na vichaka vya miiba, na mvua ikinyesha maji yanakimbia tu. Ng'ombe wamekula majani kabla hayajatoa mbegu, na kwato zimeshindilia ardhi. Kupanda miti sasa ni kupoteza miche, mbuzi wataimaliza.

Anzeni na ngitili, yaani malisho yanayofungwa kwa msimu ili majani yapone, kama wazee wa Kisukuma walivyofanya, na mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ukaja kuzifufua huko Shinyanga kuanzia 1986. Tengeni kipande, hata kidogo. Mkifunge mvua zinapoanza, mkifungue kiangazi kikikolea. Visiki vya migunga vilivyo hai vitachipua vyenyewe. Punguzeni machipukizi, msing'oe. Uzio wa minyaa unafaa sana, ila utomvu wake ni hatari kwa macho.

Msifunge kabla ya kukubaliana na majirani na serikali ya kijiji. Ugomvi wa malisho huumiza watu. Na mifugo ipunguzwe, hilo halikwepeki: uzeni madume wasio na kazi mapema, wakiwa bado wamenona. Korongo lililochimbwa na maji likiwa na kina kupita kimo cha mtu, mwiteni afisa kilimo; mawe na matawi hayatalizuia.