Gobo Haimenywi: Ukitaka Kinpira Yenye Ladha

Kinpira ni kitoweo cha Kijapani cha mboga zilizokatwa vijiti na kukaangwa kwa sosi ya soya na sukari, na gobo ni mzizi mrefu mwembamba wenye harufu ya udongo. Kinpira ya gobo huharibikia kwenye sinki, hata moto haujawashwa. Mtu anachukua gobo, anaimenya kama anavyomenya karoti, kisha anailoweka mpaka maji yawe ya kahawia, anayamwaga, anailoweka tena. Inayobaki ni nyuzi tupu. Nimeishi Japani na kukipika kitoweo hiki mara nyingi, na ninachowasihi wanaoanza ni kimoja: ile harufu ya udongo ndiyo gobo yenyewe. Msiioshe ikaisha.

Utamu wa mzizi huu uko karibu na ganda. Kwa hiyo usugue kwa brashi chini ya maji, au kwa kipande cha foili kilichofinyangwa, au uukwangue kidogo kwa mgongo wa kisu. Ukiona umekuwa wa hudhurungi, na mabaka meusi mawili matatu yamebaki, acha hapo hapo. Dukani chagua uliouzwa na udongo wake, maana haukauki upesi; uufunge kwenye gazeti. Unene wa dole gumba unatosha. Minene sana wakati mwingine huwa na uwazi katikati.

Kuna wanaouchonga kama penseli, huku wakiuzungusha, ukatoka vipande vyepesi vinavyoitwa sasagaki. Hivyo huiva haraka na hufaa sana kwenye supu. Kwa kinpira mimi nakata vijiti: kwanza vipande vyembamba vya mshazari, navipanga, kisha nakata vijiti vya urefu wa sentimita 5 hivi. Vijiti hubaki na ule mkatiko wa menoni, na bila huo hujala kinpira. Kila unachokata kitie kwenye maji, na ukimaliza kukata vyote subiri dakika 5 tu, kisha chuja. Rangi inayotoka ni polifenoli, zile zile zinazofanya tufaha lililokatwa lipige weusi. Siki haina haja hapa. Sosi ya soya itatia rangi tu.

Kwa gobo ya gramu 150 na nusu karoti, natumia kijiko kikubwa 1 cha mafuta ya ufuta, 1 cha sukari, 1 cha mirin (pombe tamu ya mchele ya kupikia), 1 cha sake (pombe ya mchele) na kimoja na nusu cha sosi ya soya, pamoja na pilipili kavu 1 iliyotolewa mbegu.

Kwa tusiotumia pombe, jambo hili ni muhimu: mirin halisi na sake zote ni pombe, na kuchemka hakuiondoi yote. Weka maji vijiko 2 na uongeze nusu kijiko cha sukari. Kitoweo kitapungua mng'ao, ladha itabaki nzuri. Soma na maandishi ya chupa ya sosi ya soya, kwa sababu nyingi za Japani huongezwa alkoholi. Zenye alama ya halali zipo.

Tumia kikaango kipana. Mafuta na pilipili kwanza, moto wa kati, kisha gobo peke yake kwa dakika 2 au 3, ukikoroga, mpaka ile harufu ya udongo ianze kunukia kama kitu kilichochomwa. Hapo tia karoti. Baada ya dakika moja tia sukari, mirin na sake, mwishoni sosi ya soya, maana ikitangulia huungua. Ongeza moto na usiondoke. Sikiliza: mchuzi unatokota, halafu sauti inabadilika, inakuwa ya kukaanga tena. Pitisha mwiko, chini pakibaki pakavu, pana mng'ao wa mafuta tu, epua. Ukiacha mchuzi, vijiti vitalainika, na ukiweka kwenye bento (kisanduku cha chakula cha kubeba) utavuja hadi kwenye wali.

Nyunyiza ufuta uliokaangwa, acha ipoe. Usiihukumu ikiwa ya moto, kwa kuwa ladha huingia inapopoa, na mimi naipenda zaidi kesho yake. Kwenye friji hukaa siku 3 au 4, ndiyo maana nyumba nyingi za Japani huiweka kama kitoweo cha akiba.

Aliye Dar au Mombasa asihangaike kuitafuta gobo. Wajapani wenyewe hupika kinpira ya karoti tupu, ya maganda ya figili nyeupe, hata ya viazi mviringo. Kwa viazi tu ndipo sheria yangu ya maji inageuka: suuza vijiti mpaka maji yawe maangavu kabisa, uvifute vikauke, la sivyo wanga utavigandisha kikaangoni.