Mashine nzito, karakana finyu: magurudumu yapi, wapi, na lini usiyaweke

Kosa la kwanza hufanyika dukani: mtu anachukua uzito wa mashine na kuugawa kwa nne. Sakafu ya karakana haiko sawa kila mahali, kwa hiyo mara nyingi gurudumu moja huning'inia na matatu ndiyo yanayobeba. Gawa kwa tatu. Randa ya kilo 240 inadai kilo 80 kwa kila gurudumu. Chukua la kilo 100, maana likidondokea kwenye ufa wa sakafu hupigwa na uzito zaidi ya ule wa kusimama.

Kipenyo kisipungue milimita 75; 100 ni bora zaidi. Gurudumu dogo huzuiwa na chenga moja tu ya chuma. Mpira laini hubonyea mashine ikikaa miezi mahali pamoja, na siku ya kuisukuma inadundadunda. Nailoni ni ngumu na nyepesi kusukuma, lakini hupitisha kila mtikisiko. Poliyurethani, plastiki yenye unyumbufu kama mpira mgumu, iko katikati, na kwa sakafu ya saruji hiyo ndiyo ya kuchukua.

Penye kona finyu funga manne yote ya aina inayogeuka kila upande kwenye shingo yake, ili mashine iende hata ubavu. Ila ukibadili upande wa kusukuma, magurudumu hujigeuza kwanza na mashine inayumba kando kabla ya kutii, kwa hiyo iache mbali kidogo na ukuta. Tena yakigeukia ndani, msingi unakuwa mwembamba. Msumeno wa bendi, ulio mzito juu, hupinduka hapo hapo. Usukume chini ya kiuno, kamwe usiushike kichwani.

Sasa breki. Breki ya kawaida hushika tairi tu. Shingo ya gurudumu bado inacheza, na mashine inatikisika ukiwa kazini. Mimi naona mashine isifanye kazi ikiwa juu ya magurudumu kabisa. Tengeneza fremu ya chuma cha pembe cha milimita 50 kwa 50, unene 5, na uchomelee masikio (vipande vya bamba vinavyotokeza) nje ya kona ili magurudumu yakae pembeni, si chini. Hivyo mashine inapanda milimita 20 au 30 tu, badala ya sentimita 12 na zaidi. Kila kona chomelea nati ya M16 (ya bolti nene milimita 16), pitisha bolti ndefu kuelekea chini, na chini yake weka kipande cha bamba chenye grisi. Mzunguko mmoja wa spana namba 24 hunyanyua milimita 2. Zungusha kila kona mara moja, kisha rudia duru, hadi magurudumu yote yaachane na sakafu. Ukimaliza kona moja kwanza, fremu inajipinda. Mwisho kaza nati ya pili juu, la sivyo mtikisiko utailegeza bolti.

Mashine ya kukereza chuma usiiwekee magurudumu. Kitanda chake, yaani reli ndefu inayobeba sehemu zote, kikipinda kidogo tu, kazi inatoka na mchongoko, nyembamba upande mmoja. Hiyo hamisha kwa mabomba manne ya chuma, yote ya kipenyo kimoja, yakizidi upana wa mashine kila upande. Kwanza sogeza kibebeo cha kisu na kichwa cha nyuma hadi mwisho wa kitanda, ukavifunge, maana upande wa mota ndio mzito. Nyanyua kwa mtaimbo sentimita moja, weka kabari, nyanyua tena. Mkono usiingie chini hata mara moja.

Bomba husafiri nusu ya mwendo wa mashine, kwa hiyo la nyuma litatoka na utalirudisha mbele. Kukata kona kulia, gonga kwa nyundo ncha ya kulia ya bomba la mbele irudi nyuma kidogo, mashine itafuata. Ikifika, kabari kwanza, mabomba baadaye, kisha weka pimamaji juu ya kitanda uone kama kimelala sawa, kwa urefu na kwa upana.