Maswali ya Wasomaji: Wafu Watatu na Visahani vya Uzi

SWALI: Kikundi chetu cha vijana kinataka kuonyesha filamu ya Plan 9 from Outer Space jioni, uwanjani. Wengine wanasema ni ya kutisha, wengine ni vichekesho. Ni ipi? – Msomaji, Dunga, Kisumu

JIBU: Mwongozaji Ed Wood aliipiga mwaka 1956 akikusudia kutisha, na waigizaji wake wanaigiza kwa uzito wote. Hapo ndipo kicheko kilipo. Wageni kutoka anga za mbali wanafufua maiti ili kuwatia binadamu adabu, lakini jeshi zima la wafu ni watu watatu! Angalieni mawe ya makaburi yanavyoyumba mtu akiyapita, pazia linalofanya kazi ya mlango katika chumba cha marubani, na afisa wa polisi anayejikuna kwa mtutu wa bastola. Tukio hilohilo moja huanza mchana, likaruka usiku, likarudi mchana.

Msiitangaze kama filamu mbovu kuliko zote duniani, sifa iliyoshika tangu kitabu cha The Golden Turkey Awards cha 1980. Aliyekuja kucheka tu atachoka katikati, maana wageni wale wanapenda kuhutubia. Ina dakika 79.

Anzeni saa moja na nusu, giza likishaingia. Projekta yenye mwanga wa lumeni 3,000 inatosha kwa kitambaa cha upana wa mita 2.5. Shuka moja hupitisha mwanga, kwa hiyo ishoneeni kitambaa cheusi nyuma. Wekeni umbo la picha 4:3. Mkiiacha ijitanue, kila uso utakuwa mpana kama sinia. Kwa sababu ya wadudu wa ziwani, washeni balbu kali mbali na projekta, nyuma ya watazamaji, la sivyo watajaa mbele ya lenzi na vivuli vyao vitatambaa juu ya makaburi. Maonyesho ya hadhara yanahitaji pia filamu iwe imeainishwa na KFCB, bodi ya kuainisha filamu ya Kenya, pamoja na ruhusa ya mwenye haki.

SWALI: Ni kweli mwigizaji Bela Lugosi alikufa kabla filamu hiyo ya Plan 9 haijaanza kupigwa? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Ni kweli. Alifariki Agosti 1956. Wood alikuwa na vipande vifupi vya filamu visivyo na sauti alivyomrekodi kwa kazi nyingine, akavichomeka humu. Kwingineko kote ni Tom Mason, tabibu wa uti wa mgongo aliyemhudumia mke wa Wood. Ni mrefu kuliko Lugosi na hawafanani hata kidogo, ndiyo maana kila akitokea amejifunika uso kwa joho.

SWALI: Tunapiga filamu fupi ya kutisha kwa simu. Tuna kijumba cha kadibodi kitakachobomoka na kisahani cha angani kitakachoning'inia. Tufanyeje tusichekwe? – Msomaji, Kakamega

JIBU: Kitu kidogo huanguka upesi mno, na jicho hugundua mara moja kwamba hakina uzito. Dawa ni kupiga picha nyingi zaidi kwa sekunde, kisha kuzionyesha kwa kasi ya kawaida ya 24. Tafuteni kipeuo cha pili cha kipimo cha mfano, mzidishe kwa 24. Nyumba ya mita 5 ikiwa sentimita 20, imepunguzwa mara 25. Kipeuo ni 5, kwa hiyo pigeni picha 120 kwa sekunde. Simu nyingi zinaweza.

Visahani vya Wood katika Plan 9 viliyumba kwa sababu ni vyepesi. Tieni chenu uzito ndani na mkifunge kwa nyuzi tatu, si moja. Uzi wa nailoni wa wavuvi humeta, basi upakeni masizi na mwanga utoke ubavuni. Ujanja mzuri zaidi ni kukining'iniza kichwa chini, kisha kugeuza picha wakati wa kuhariri. Mtazamaji hutafuta uzi juu, nao uko chini.

Mkilazimika kupiga usiku wa uongo mchana, jua liwe nyuma ya mwigizaji, punguzeni mwanga kwa stopu mbili (yaani ubaki robo), na anga isionekane kabisa. Wingu moja jeupe linaharibu kila kitu. Rekodini pia dakika nzima ya sauti ya mahali penyewe, muitandaze chini ya tukio lote, kwa sababu nyenje wakinyamaza kila picha inapobadilika, watu wataanza kucheka hata kabla kisahani hakijatokea.